Arobaini kwa Arobaini

Nchi ninayoisimulia ina jina, lakini sitalitaja. Si kwa kuogopa. Ni kwa sababu wakati naandika haya jina lenyewe lilikuwa bado liko kwenye kamati. Upande mmoja ulikuwa umependekeza jina moja, upande wa pili ukapendekeza jingine, na Waziri wa Usawa alikuwa akiyapima yote mawili kwa herufi ili moja lisiwe refu kuliko mwenziwe. Kwa sasa raia huiita "hapa kwetu", na barua zinafika.

Mkuu wa nchi alikuwa na wake wawili. Hilo halikumshangaza mtu. Kilichowashangaza wageni ni uadilifu wake. Siku ya harusi ya pili aliapa mbele ya kipaza sauti kwamba nyumba moja haitapata kitu ambacho nyumba ya pili haikupata, na kwa kuwa katika nchi ile maneno ya Mkuu hugeuka sheria kabla mate hayajakauka, kesho yake ilizaliwa Sheria ya Usawa wa Nyumba Mbili, na keshokutwa wizara ya kuisimamia.

Sisemi kwamba sheria ile ilikuwa mbaya. Ilifanya kazi. Mvua ikinyesha kwa mke wa kwanza, Bi Raya, aliyekaa Ikulu ya mlimani, gari la zimamoto lilitumwa bondeni likamnyeshee mke wa pili, Bi Tausi. Mkuu akipiga chafya kwa Bi Tausi, alipelekwa mlimani akapige nyingine. Bi Tausi alikuwa na mama mzazi, mfugaji wa huko bondeni aitwaye Mama Nyanzobe. Mama wa Bi Raya alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo Wizara ya Usawa ilimwajiria mama, mwanamke mstaarabu mwenye mkataba, likizo na sare.

Hata kusalimiana kulipangwa. Mtu akimwambia mwenziwe shikamoo amekiri kwamba huyo ni mkubwa wake, na ukubwa ulikuwa umepigwa marufuku. Waziri wa Usawa, Mheshimiwa Tindwa, aliamua kwamba wake wa Mkuu ama waamkiane kwa wakati mmoja, kwa sauti moja, ama wasiamkiane kabisa. Walichagua kutoamkiana kabisa. Kutembeleana kuliruhusiwa, mradi kila mmoja amtembelee mwenziwe siku ileile na saa ileile. Walijaribu mara moja. Kila mmoja alikuta nyumba ya mwenziwe haina mwenyewe, akanywa chai, akarudi. Walipopishana njiani kila mmoja alikuwa akitazama dirisha la upande wa pili.

Hivyo ndivyo amani ilivyokuwa hapa kwetu kabla ya friza.

*

Habari ya friza ilianza kwenye mkutano wa wakuu wa nchi. Wakati wa chai, mkuu wa nchi jirani alitoa simu mfukoni akamwonyesha Mkuu wetu picha, kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

"Hasi sabini," alisema.

"Sabini gani?"

"Nyuzi sabini chini ya sifuri, ndugu yangu. Tunawekea chanjo za ng'ombe. Ninyi mnaweka wapi?"

"Sisi tuna vivuli vizuri," Mkuu alijibu.

Waliosafiri naye wanasema alirudi bila kugusa chakula cha ndegeni. Hakuwa na wivu. Ofisi ya Habari ilitoa taarifa kwamba Mkuu hana wivu, na taarifa hiyo ilirudiwa redioni kila baada ya wimbo kwa juma zima. Alichotaka Mkuu ni friza ya hasi themanini tu. Na kwa kuwa mashine ya jirani ilitumia gesi za zamani, zile zinazodhuru anga, yetu itumie gesi rafiki wa mazingira, ili tumshinde jirani kwa baridi na tumshinde kwa urafiki.

Sharti niseme kwamba haja ilikuwepo. Kila mwaka mvua zikianza, kupe hujaa bondeni, na ndama hupata homa na kufa. Daktari wa mifugo wa Serikali, Daktari Kihedu, alikuwa ametengeneza chanjo nzuri. Lakini ni chanjo hai, na ili ibaki hai lazima igandishwe kwenye baridi kali kupita ile ya friza za samaki. Mwaka uliotangulia haikuwa na mahali pa kukaa, ikafa kabla haijatoka mjini. Mama Nyanzobe alizika ndama wote wa zizi lake. Alibakiwa na mitamba wachache wenye mimba, na walikuwa wanatarajiwa kuzaa mvua zikianza. Kuhusu mitamba hao alikuwa akizungumza na kila mtu, hata na mkwewe, ambaye humsikiliza kwa heshima huku akitazama saa.

Kazi ya friza alipewa Injinia Sikudhani. Alikuwa na shahada mbili, kicheko kikubwa, na mdomo ambao walimu wake wa shule zote walikuwa wameutolea maoni. Maafisa wa Usalama walimwendea kabla hajafungua hata kisanduku kimoja.

"Hizi gesi," walimuuliza, "ni rafiki wa mazingira tu, au na wa Serikali pia?"

"Zinaishi na kila mtu vizuri, ila msizisogelee na sigara."

Waliandika kwamba gesi zina hasira lakini hazina chama.

*

Siku ya uzinduzi friza ilikuwa imesimama uwanjani ikinguruma, imefunikwa kitambaa cha rangi za taifa. Bi Raya aliketi kulia kwa Mkuu, Bi Tausi kushoto, na nusu ya sherehe ilipofika walibadilishana viti. Mama Nyanzobe alikaa nyuma ya binti yake, na mama wa Wizara alikaa nyuma ya Bi Raya, kwenye kiti cha kimo kilekile. Redio ya Taifa ilikuwa hewani. Sikudhani aliombwa aeleze mashine inavyofanya kazi, kwa lugha nyepesi.

"Mheshimiwa, mashine moja haifiki huko chini peke yake," alisema. "Ndiyo maana ziko mbili ndani ya friza moja. Hii ya kwanza gesi yake ni ndugu wa ile tunayopikia jikoni. Inashuka mpaka hasi arobaini, inachoka. Hii ya pili gesi yake ni nyepesi zaidi, inafika themanini bila shida. Lakini haiwezi kujianzia. Ile ya kwanza lazima iipokelee joto lake. Sisi pale karakana tumezipa majina kabisa. Hii ya kwanza tunaiita Bi Mkubwa. Hii ya pili Bi Mdogo."

Mtu mwingine angeishia hapo. Mkuu mwenyewe alikohoa, na kikohozi cha Mkuu kilikuwa na maana yake. Sikudhani alidhani ni vumbi.

"Kwa hiyo Bi Mdogo ndiye mwenye baridi yote," aliendelea, "na Bi Mkubwa anafika nusu ya njia tu. Lakini bila Bi Mkubwa, Bi Mdogo ni moto na kelele. Asubuhi tunamwasha Bi Mkubwa, tunamwacha apoe taratibu. Akishapoa ndiyo tunamwasha Bi Mdogo. Ukianza na Bi Mdogo anapanda presha, anazima."

Mlimani na bondeni, kila mwenye redio alikuwa ameacha alichokuwa akifanya.

Kitambaa kilivutwa. Kipimajoto kilionyesha hasi themanini kamili, na ndani ya friza vichupa vya Daktari Kihedu vilikuwa vimejipanga vyeupe kwa barafu. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyejua makofi hayo yangehesabiwa kuwa ya nani. Bi Raya alikuwa amesikia maneno "nusu ya njia tu". Bi Tausi alikuwa amesikia "moto na kelele". Mengine yote yaliwapita.

Katika kimya kile Mama Nyanzobe aliuliza, "Na hiyo chanjo inatufikia lini?"

Mheshimiwa Tindwa alimwomba asubiri jibu mpaka mama wa Wizara naye awe na swali.

*

Jioni ile Mkuu alikwenda mlimani kwanza.

"Nusu," Bi Raya alimwambia, akimmiminia chai.

"Ni mashine, mama watoto."

"Najua ni mashine. Na hiyo mashine nyingine, nyembamba, yenye baridi yote, inayopokelewa joto na mwenziwe kama malkia. Nayo ni mashine. Kunywa chai."

Kisha bondeni, kama sheria inavyotaka.

"Kelele," alisema Bi Tausi.

"Mke wangu, yule ni injinia, hajui kusema."

"Anajua sana. Nchi nzima imesikia kwamba mimi siwashwi mpaka yule awashwe. Sasa hivi muuza nyanya ameniuliza kama nimeshapoa."

"Alikuuliza kwa ubaya?"

"Alikuwa anacheka. Unataka ubaya gani tena?"

Mkuu aliita Waziri wa Usawa, na Mheshimiwa Tindwa, ambaye alikuwa akiliona jambo hilo toka mbali, alikuja na hukumu tayari mfukoni. Friza igawanywe. Bi Mkubwa apelekwe kwa Bi Raya, Bi Mdogo apelekwe kwa Bi Tausi, kila mmoja na kabati lake, asimtegemee mwenziwe kwa lolote.

Sikudhani alimkimbilia Wizarani. "Mheshimiwa, ukizitenganisha hutapata friza mbili. Hutapata hata hiyo moja. Ya kwanza itabaki na arobaini zake. Ya pili haina pa kutupa joto, haitafika popote."

"Injinia, umeolewa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi nikueleze. Kila mke ana nyumba yake, jiko lake na mlango wake. Hakuna anayepitishia joto lake kwa mwenziwe. Ninyi huko karakana mliwaweka chumba kimoja, na hilo peke yake lilitosha kuvunja nchi."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na kila mara nakuta kwamba kwa upande wa ndoa alisema sawa kabisa.

Chanjo nayo iligawanywa. Vichupa viligawiwa kimoja huku, kimoja huku, mbele ya mashahidi. Mwishoni kilizidi kichupa kimoja. Kilivunjwa.

*

Mlimani, mashine ya Bi Raya ilinguruma vizuri na kushuka mpaka hasi arobaini, ikasimama hapo. Bondeni, ile ya Bi Tausi iliwekwa kwenye kibaraza chenye vioo, ili wapita njia waione. Iliwashwa, ikapanda presha, ikajizima. Ikawashwa tena, ikajizima tena. Mafundi wa Ikulu walikwenda kuwaambia wakubwa kwamba inapumzika.

Sasa, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa ikifuatilia, Redio ya Taifa ilianza kusoma baridi za nyumba zote mbili baada ya taarifa ya habari. Siku ya kwanza mtangazaji alisema mlimani ni hasi arobaini, na bondeni ni thelathini na kitu, akameza mate.

"Yeye ana arobaini," Bi Tausi alimwambia Mkuu, "mimi nina thelathini na kitu. Hicho kitu ndiyo nini?"

Aliapa kwamba hatakula mpaka apate arobaini, na kwa hilo hakusubiri sana. Lilikuwa joto la kabla ya mvua, jua linapiga kioo toka asubuhi, na siku ya pili mchana kipimajoto cha kabati la Bi Tausi kilifika arobaini chenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Palibaki tatizo dogo. Mbele ya arobaini ya Bi Raya kulikuwa na kile kikistari, alama ya kutoa, na mbele ya arobaini ya Bi Tausi hakikuwepo. Wengine walisema aliyepungukiwa ni Bi Tausi, maana hana kistari. Wengine walisema ni Bi Raya, maana kwake kumetolewa kitu. Mheshimiwa Tindwa alitoa mwongozo. Si heshima, alisema, kumwandikia mke wa Mkuu alama ya kutoa. Kistari kilifutwa kwenye vipimajoto, magazetini, na kwenye vitabu vya hesabu vya darasa la tano.

Jioni ile mtangazaji alisoma kwa sauti ya furaha: mlimani arobaini, bondeni arobaini. Magazeti yakaandika ARUBAINI KWA AROBAINI, kisha yakaomba radhi kwa kuwa neno moja liliandikwa tofauti na lingine. Kiwanda cha nguo kikachapa kanga zenye maneno hayo, zikauzwa mpaka zikaisha. Ni wazee wachache tu walioshika kanga zile wakauliza, kwa sauti ya chini, ni arobaini ya marehemu gani, na ubani wakatoe wapi.

*

Aliyekuwa na jibu lao ni Daktari Kihedu. Alichukua kichupa kimoja kila upande akakitazama kwa hadubini, kisha akaenda kwa Waziri na kofia mkononi.

"Nusu ya bondeni imekufa yote, Mheshimiwa. Imepikwa. Nusu ya mlimani ingali hai, ila kwa baridi ile inafifia. Ikirudi kwenye themanini leo au kesho, inatosha ndama wote wa bondeni, ambako ndiko kwenye kupe. Mlimani kuna upepo, kupe hawako, wanaweza kusubiri chanjo ya msimu ujao."

Mheshimiwa Tindwa alisikiliza vizuri. Alikuwa msikilizaji mzuri.

"Unaniambia," alisema, "kwamba nyumba moja ina chanjo hai na nyumba moja ina chanjo iliyokufa."

"Ndiyo."

"Hiyo ni hatari kubwa, Daktari. Asante kwa kutuwahi. Ya bondeni unaweza kuifufua?"

"Haiwezekani."

"Basi imebaki njia moja. Kesho saa sita mchana ya mlimani nayo itolewe juani."

Daktari alijaribu kusema jambo, na Waziri akampigapiga begani, akamwambia asijali, kivuli hakitakuwepo.

Habari ilimfikia Bi Tausi kabla ya chakula cha jioni. Nasimulia kama nilivyosimuliwa. Aliuliza kama ni kweli ya kwake imekufa, akaambiwa ni kweli. Akauliza kama ya Bi Raya nayo itakufa, akaambiwa ni kesho mchana. Hapo alishusha pumzi, akaomba sahani yake.

Mama yake alikuwa ameketi jikoni. Alikuwa ameleta maziwa mgando, kama kila juma.

"Kwa hiyo utakula," Mama Nyanzobe alisema.

"Mama, si mimi niliyepanga."

"Sijasema umepanga. Nasema utakula. Mtamba mweupe amezaa jana. Jike. Ana doa kwenye paji, hapa. Mvua ikianza atakuwa na kupe masikioni, na mwisho wa mwezi nitakuwa nachimba. Ila ya Raya imekufa, kwa hiyo utakula na utalala."

"Nchi nzima ilinicheka, mama."

"Ilikucheka. Muuza nyanya alikucheka. Mimi hao ndama wa mwaka jana niliwavuta kwa miguu mpaka shimoni, mwenyewe, na wewe ulinitumia salamu na dereva." Alijifunga kitenge, akasimama. "Kula, mwanangu, kinapoa."

Chakula kilipoa. Bi Tausi alitoka kwa mlango wa nyuma, akakuta pikapu ya karakana imeegeshwa kibarazani. Sikudhani alikuwa amelala chini ya kabati, akijaribu kuizuia mashine isiungue.

"Wewe Kelele," Bi Tausi alimwita. "Unajua njia ya mlimani?"

"Naijua, mama. Lakini sheria inasema ukienda wewe, na yeye lazima aje huku saa hiyohiyo."

"Ndiyo maana hatumwambii. Washa gari."

*

Walimkuta Bi Raya sebuleni. Mama wa Wizara alikuwa akimsimulia jinsi alivyomzaa, maana siku ile ilikuwa siku yake ya kusimulia. Bi Raya alimwona mke mwenziwe mlangoni, akaweka kikombe chini.

"Umekuja kuiona arobaini yangu inavyofia juani? Umewahi. Ni kesho."

"Nimekuja kuiomba," Bi Tausi alisema. "Ya kwangu imekufa. Nimeiua mimi, kwa kutaka namba."

"Rudia."

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka tu kuisikia tena, kwa raha zangu."

"Arobaini yangu ni ya jua, Raya. Ya kwako ni ya kweli. Mashine yangu bila yako ni moto na kelele, kama alivyosema huyu hapa mwenye mdomo. Ndama wa mama wamezaliwa. Naomba."

Bi Raya alikisukuma kikombe kando.

"Unajua kinachoniuma ni nini?" Bi Raya alisema. "Si ile nusu. Nusu niliisahau siku ya tatu. Mama yako kila juma akileta maziwa kwako, hupanda na kibuyu kingine mpaka kwangu. Wizara haikumwambia. Nilikuwa nakunywa huku nakuonea gere mpaka maziwa yananipalia. Huyu wangu," akamwonyesha mama wa Wizara, "ananiletea risiti."

"Natakiwa," mama wa Wizara alisema kwa upole.

"Sikulaumu, mama. Tausi, sikiliza. Chanjo utapata, na mashine utapata. Lakini nataka kitu ambacho sijakipata toka umeolewa, na hutakisema pamoja nami kama kwaya. Utakisema peke yako."

Bi Tausi alielewa. Alivua viatu, akaingia ndani kabisa, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa na mamaye.

"Shikamoo, dada."

Bi Raya alikuwa amejiandaa kwa jambo hilo miaka mingi. Wanasema alikuwa ametunga na maneno ya kejeli ya kujibia. Yote yalimtoka.

"Marahaba, mdogo wangu," alisema. "Haya. Hicho chombo kinabebwa na watu wangapi?"

*

Asubuhi Redio ya Taifa ilipata wageni wawili ambao haikuwaalika. Bi Tausi aliiambia nchi kwamba arobaini yake ilikuwa ya jua. Mheshimiwa Tindwa, aliyekuwa akinyoa, alijikata, kwa sababu sasa nyumba moja ilikuwa imekiri aibu na nyumba ya pili haikukiri. Kabla hajafika kwenye simu alimsikia Bi Raya akisema kwamba yeye naye, bila mwenziwe, haendi zaidi ya nusu ya njia. Waziri aliketi. Aibu zilikuwa mbili, za urefu uleule. Hakuona kifungu walichovunja.

Swali la mwisho lilikuwa mahali. Mashine ikiungwa tena mlimani, bondeni wataona wivu, na kinyume chake. Waziri alitoa utepe wake, akapima barabara toka lango la Ikulu moja hadi lango la nyingine, akaweka alama katikati kabisa. Alama ilianguka kwenye josho la zamani, pale wafugaji wa pande zote wanapoogesha ng'ombe. Wengine walisema friza ya chanjo ya ng'ombe ingewekwa hapo toka mwanzo hata bila utepe. Sijui. Watu husema mengi jambo likishapita.

Sikudhani aliziunga. Alimwasha Bi Mkubwa, akamwacha apoe taratibu, akamwasha Bi Mdogo. Kipimajoto kilishuka mpaka themanini, na Bi Raya mwenyewe alichukua kalamu akakirudishia kistari chake. Mvua ilipoanza, Daktari Kihedu alikuwa amekwisha kumaliza bonde zima. Ndama wa Mama Nyanzobe mwenye doa kwenye paji alipata kupe kama wenziwe wote, akawakung'uta, akaendelea kunyonya.

Aliyebaki na shida ni Mkuu. Wake zake walikuwa wakikutana joshoni, na kila akifika nyumba moja anaambiwa mama yuko kwa mwenziwe. Alikula kwa usawa kabisa, peke yake, pande zote mbili. Mwishowe alikwenda mwenyewe joshoni, akaizunguka friza, akamvuta Sikudhani pembeni.

"Hii ni Bi Mkubwa," alisema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hii ni Bi Mdogo. Zinapeana joto."

"Ndiyo."

"Sasa mimi ni ipi?"

Sikudhani alitafuta. Ni haki kusema kwamba alitafuta kwa moyo wote. "Ile feni ya nyuma, Mheshimiwa. Joto lote la Bi Mdogo linakwenda kwa Bi Mkubwa, na la Bi Mkubwa linatolewa nje na ile."

Mkuu alikwenda nyuma. Hewa ya moto ilimpiga usoni, na alisimama hapo bila kujifuta. "Ikizima?"

"Zote mbili zinazima."

Uso wa Mkuu ulikunjuka kama haujawahi kukunjuka toka ule mkutano wa wakuu wa nchi. Aliitazama feni ikizunguka, akaitikia kwa kichwa taratibu, na kila aliyekuwepo aliona kwamba mwanadamu huyu hana wivu tena na mtu yeyote duniani. Kisha akainama karibu na sikio la injinia.

"Ile ya jirani," alinong'ona, "feni yake ina mapanga mangapi?"

"Manne, nadhani."

"Na yetu?"

"Matatu, Mheshimiwa."